Matuta Kumi na Saba

Toka Uru hadi hospitali ni matuta kumi na saba.
Mama ameyahesabu, si kwa mdomo,
kwa nyonga yake yenye chuma ndani,
nami nashika usukani, nikiomba radhi kwa kila moja.

Pikapu ni yake. Springi za nyuma alizifungisha yeye,
mwaka ule ndizi zilipokosa bei, akaapa
atabeba nyingi au asibebe kabisa.
Akaongeza bamba. Akaongeza jingine.
Yakafika saba kila upande,
gari likasimamisha mkia kama mbuzi.
Likishiba mikungu sitini, lilitulia.
Likiwa na njaa, lilirusha mateke.
Siku hizi lina njaa kila siku.

Nilijaribu mifuko miwili ya mchanga.
Mama akauliza, "Tunamjengea nani?"

Basi Jumamosi, nyuma ya jiko, penye banda la ng'ombe wa zamani,
nimelipandisha kwa jeki, nikalikalisha juu ya magogo.
Fundi Tesha alinionya: jeki si ndugu yako,
usilale chini ya ahadi yake.
Nati za yu-bolti nilizinywesha dizeli tangu Alhamisi.
Tatu zilikubali.
Ya nne ilikuwa imefunga ndoa na kutu.
Nikalivisha spana bomba la maji, nikaning'inia,
kilo themanini za mwalimu wa jiografia,
bolti ikalia, ikakatika.
Elinami, mtoto wa dada, akashuka Mbuyuni kwa bodaboda kutafuta nyingine.
Alirudi na mbili, na chipsi.

Mlima umejifunika. Sawa.
Sihitaji mtazamaji.

Senta bolti ndiyo inayotisha.
Mabamba yamebanwa miaka ishirini;
ukifungua bila klempu yanakurukia usoni
kama siri ya ukoo siku ya matanga.
Nimekwenda nusu zamu, nusu zamu,
mpaka yakaanza kuachana,
yakitema vumbi jekundu,
na kati yake utomvu wa ndizi, mkavu, mweusi kama lami,
safari zote zile
zimeganda pale ambapo hakuna aliyefagia.

"Mangapi?"
Mama yuko dirishani, amekalia mto wake.
"Natoa mawili kila upande."
Hakujibu upesi. Hesabu ya mikungu anaijua kuliko mimi.
"Halitabeba tena sitini."
"Halitabeba."
"Arobaini?"
Nikajifanya natafuta spana namba kumi na tisa.
Ilikuwa mkononi mwangu.

Yaliyobaki nikayapiga brashi ya waya, nikayapaka grisi,
nikayapanga refu juu, fupi chini,
nikakaza hadi giza, Elinami akinimulikia kwa simu
na kumulika zaidi ujumbe wake.
Jirani Assey alipita, akacheka:
"Mwalimu, gari limechuchumaa, linataka choo?"
Lilikuwa limeshuka vidole vinne.
Nililisukuma kwa kiganja, nyuma pakazama, pakapanda,
pakazama tena kidogo.
Shokapu nazo zimechoka. Hizo ni za mshahara ujao.

Jumanne tukashuka kliniki.
Tuta la shule. Tuta la kanisa. Yale matatu ya sokoni
yaliyochongwa na mtu mwenye hasira.
Mama amefumba macho, kidole kinagonga goti.
Mimi nasikiliza kidole kuliko injini.
Getini akafumbua.
"Kumi na sita," akasema.

Pengine mvua imekula moja.
Pengine alisinzia.
Sikuuliza. Nilizunguka kumfungulia mlango,
akashusha mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine,
akaegemea bodi, akaipapasa
jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe aliyekoma kutoa maziwa.

"Yale mabamba manne," akasema,
"usimpe mtu wa vyuma chakavu."